Kofia ya Muoki

Ripoti ya tatu ilirudi na wino mwekundu kushinda zile mbili za kwanza. Mutheu aliikunja mara nne, akaisukuma chini kabisa ya mkoba wake, pale anapoweka sindano na uzi wa kijani. Miaka ishirini na sita ameshona sare za shule katika kibanda chake cha mtaa wa Mbotela, Nairobi, na hakuna mzazi aliyewahi kumrudishia sketi mara tatu. Leo, akiwa na miaka hamsini na nne, mtu wa umri wa mdogo wake wa mwisho anamrudishia maombi.

“Umeomba mapema,” Kasisi Kiarie, msimamizi wao, alikuwa ameandika pembeni mwa karatasi. Na chini yake, kwa herufi kubwa kidogo: “Uliomba ili uondoke.”

Hayo ndiyo mafunzo ya ukasisi wa hospitali, na yeyote anayedhani ni kubeba Biblia na kutembea polepole kati ya vitanda, basi aende akajionee. Ni wiki kumi na mbili. Mwanafunzi anaingia wodini, anaketi na mgonjwa, kisha anakimbia kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko la hospitali kuandika mazungumzo yote neno kwa neno kabla hayajamtoka kichwani. Yeye amesema nini, mgonjwa amejibu nini, nani alinyamaza. Halafu anawasomea wenzake, nao wanaipekua ile karatasi mshono kwa mshono. Ripoti ni nne. Ili mtu afuzu, msimamizi sharti atie sahihi japo moja. Mutheu alikuwa amebakiwa na moja.

Na kwake hakukuwa na mwakani. Kanisa lake lilikuwa na kanuni ya kutompeleka mafunzoni mtu aliyetimiza miaka hamsini na tano, na hiyo angeitimiza Januari. Mwenyekiti wa parokia alikuwa amemkumbusha jambo hilo Jumapili mbili mfululizo, kwa upole unaoudhi kuliko matusi.

Na aliitaka kazi hii, jamani. Aliitaka tangu mumewe Munyao, dereva wa lori, alipolazwa wiki sita bila kupata usingizi. Siku moja akaja mama mmoja kasisi, akamshika miguu, akamwombea kwa sauti ya chini, na Munyao akalala kabla mama huyo hajafika Amina. Alikufa siku ya nne, lakini zile siku tatu alizilala. Mutheu hakuhitaji kitabu kumweleza maombi yanafanya kazi gani.

Kwao Mbotela, kumtembelea mgonjwa kuna utaratibu wake. Unabisha, unaweka maziwa mezani, unauliza daktari amesemaje, unaomba, unaaga. Ukiondoka bila kuomba utasemwa bombani wiki nzima. Mutheu ndiye aliyekuwa akiitwa kwa kazi hiyo, kuanzia nyumba za baraza la jiji hadi ng'ambo ya barabara, na watu walimwita Mama Maombi bila utani.

Ila Kiarie naye hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mgonjwa wa ile ripoti ya tatu alikuwa mama wa kitanda cha kumi na moja. Alikuwa ameanza tu kusema, “Huyu mtoto wangu wa kwanza, siku ile alipotoka nyumbani...” Mutheu akaona machozi yanakuja, akamshika mkono, akaanza kuomba. Aliomba vizuri. Alipomaliza, yule mama alisema asante na kufunga macho, na habari ya mtoto ikabaki humo humo.

“Alikuwa anataka kukwambia nini?” Kiarie alimuuliza mbele ya wote.

Mutheu hakujua. Ilimuuma kwa sababu Kiarie alikuwa na haki ya kuuliza.

Owen, mwanafunzi mwenzake kutoka Tassia, kijana wa chuo cha theolojia mwenye ripoti mbili zilizotiwa sahihi tayari, alimfuata kwenye ngazi.

“Mathe, usistress. Wewe keti tu. Usiombe mpaka akuambie umwombee.”

“Na asiponiambia?”

“Basi unanyamaza. Kiarie anapenda kunyamaza vibaya sana. Ukiona pametulia, muulize anahisi nini, halafu nyamaza tena.”

Unahisi nini. Mutheu alilirudia swali hilo kwa hasira kutoka lango la hospitali hadi Jogoo Road. Nani huulizwa hivyo? Muulize mtu wa Mbotela anahisi nini, atakwambia yuko sawa, hata akiwa amebebwa kwa blanketi. Lakini alilikariri. Alipiga moyo konde, akajiambia kwamba kama wanataka kunyamaza, atawanyamazia mpaka wachoke.

Mgonjwa aliyepangiwa kwa ripoti ya nne alikuwa Muoki, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu ya kijivu, zile wanazoita marvin. Kwao Machakos alikuwa mchonga vinyago, kama baba yake. Nairobi vinyago havikumlisha, akawa kibarua katika kiwanda cha plastiki, akitembea kwa miguu kila asubuhi kutoka Mukuru kwa Njenga. Mashine ilimsaga mkono wa kulia. Sasa mkono ulilala juu ya mto, umefungwa mpaka kwenye kiwiko, na harufu yake haikuwa nzuri.

Jumatatu Mutheu aliketi, akanyamaza. Muoki naye akanyamaza. Jumanne Muoki alimweleza habari za mti wa mpingo, jinsi unavyochosha patasi, na jinsi mkono unavyojua mahali pa kusimama kabla jicho halijajua. Mutheu alisikiliza kweli. Alipoinuka kwenda bila kuomba, ulimi ulimwasha mpaka nje. Muuguzi wa zamu alimtazama kama mtu aliyetoka dukani bila kulipa.

Jumatano alimkuta amegeukia dirishani.

“Mwaitu,” Muoki alisema. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama wa kuheshimiwa, na hakuwa amemwita hivyo kabla. “Kesho wanaukata.”

Maneno yalimjaa Mutheu mdomoni, yote yakianza na Baba yetu. Akayameza.

“Unahisi nini ukisema hivyo?” aliuliza.

Muoki alimtazama kwa muda, kama anayengoja swali lenyewe. Kisha akainua mkono wa kushoto, akavua ile kofia, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa.

Hapa lazima isemwe wazi, maana kila mtu wa mitaa yetu hii ya Eastlands anajua. Wanaume wetu hawasemi “niombee.” Kusema hivyo ni kukiri kwamba umelemewa, na mwanamume afadhali aumwe na jino. Anavua kofia tu. Mlevi wa kwenye kona akiona kina mama wa kanisa wanapita na ana msiba, anavua kofia, nao wanasimama. Mutheu alikuwa ameona kofia zikivuliwa mara mia, vyumbani, mochari, kwenye vizingiti vya milango, na hakuwahi kukosea maana yake hata mara moja.

Aliijua na hii. Aliuona upara mdogo utosini na alama nyekundu ya pindo la kofia kwenye paji la uso. Alijua anachoombwa. Lakini Muoki hakuwa amesema neno, na ripoti ni ya maneno. Akiomba sasa, kesho Kiarie atauliza ni wapi mgonjwa alisema aombewe, na karatasi itaonyesha hakusema popote. Wino mwekundu, kwisha habari. Basi alikaza meno, akamwomba Mungu wake kimoyomoyo amfanye Muoki aseme. Sema tu, baba. Neno moja tu.

Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Gari la chai lilipita likigonga vitanda. Muoki aliinua kichwa, akamtazama mara moja, akaivaa kofia yake kwa mkono wa kushoto. Ilikaa upande, na hakuinyoosha.

“Sawa, mama,” alisema. “Asante kwa kuja.”

Ripoti ilisomwa Alhamisi asubuhi. Mutheu aliandika kila neno. Pale palipokuwa na kofia aliandika: “Kimya, kama dakika tano.” Alisoma bila kuinua macho, na wenzake wakadhani ni huruma.

Kasisi Kiarie alivua miwani. “Dakika tano,” alisema. “Mnajua ni ngumu kiasi gani kukaa dakika tano na mtu wa namna hiyo bila kujificha nyuma ya kitu? Mama Mutheu, hapa umefika.”

“Na hapo kwa kimya,” Owen aliuliza, “mgonjwa alikuwa anafanya nini?”

Swali lilikuja kwa wema, na chumba kizima kilimgeukia. Mutheu alitazama karatasi.

“Alikuwa amevua kofia,” alisema. “Kulikuwa na joto.”

Ilikuwa Julai. Kiarie mwenyewe alikuwa na sweta mbili, lakini kalamu yake ilikuwa tayari kwenye karatasi, anatia sahihi. Owen alimtazama Mutheu. Mama yake ni mmoja wa kina mama wa kanisa la Tassia, na maana ya kofia aliijua. Aliinama akaanza kupanga madaftari yake yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Jioni ile Mbotela walimpikia. Jirani alileta chapati, mwenyekiti wa parokia akapiga simu kumpongeza, na mtu akamwomba aombee chakula. Aliomba kwa ufupi mpaka wakashangaa. Alikuwa na hasira na Kiarie, na hasira na kanuni ya parokia, na hasira na Muoki mwenyewe kwa kutosema neno moja ambalo lingewaokoa wote wawili. Hasira hizo zote hazikukaa. Zilimzunguka, zikamrudia yeye.

Ijumaa alifika wodini kabla ya saa za kutembelea. Muoki alikuwa macho, amelala chali. Mkono wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko, katika bandeji nyeupe. Wa kushoto ulikuwa umefungwa mrija wa dripu. Kichwa kilikuwa wazi.

Mutheu alisimama kando ya kitanda. Kofia ilikuwa juu ya kabati dogo, na kwa sekunde chache aliruhusu moyo wake uamini kwamba kichwa kiko wazi kwa ajili yake, kwamba mtu anaweza kungojwa siku mbili. Alikunja mikono. Alifumba macho. Safari hii hakuwa akiwazia karatasi.

“Muoki,” alisema, “naomba nikuombee.”

Muoki alipojibu, hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, na hilo ndilo Mutheu alilobeba nyumbani.

“Nivalishe kofia, mama,” alisema. “Kuna baridi.”

Aliichukua kutoka kwenye kabati. Akamwinua kichwa kwa mkono mmoja, akamvalisha kwa mwingine, akaishusha mpaka masikioni, akainyoosha pale ilipokaa upande. Kisha akavuta kiti, akaketi, na hakumuuliza anahisi nini.