Baiskeli ya Mteremkoni

Kyela kila mtu anaendesha baiskeli. Mchungaji anaendesha, muuza dagaa anaendesha, akina mama wanaendesha wakiwa na gunia la mchele nyuma na mtoto mgongoni, wala hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Ila wote hao wanaendesha bondeni, kwenye tambarare inayotoka mjini hadi Itungi ziwani, ambako ukiacha tu kupiga pedeli baiskeli inasimama yenyewe kwa uvivu. Tusajigwe hakuwa na haja na baiskeli ya namna hiyo. Yeye alitaka baiskeli ya kushukia mlima.

Hamu hiyo hakuipata ukubwani. Alizaliwa vilimani, na kaka yake Dickson alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, isiyo na breki ya maana, ambayo aliisimamisha kwa kukandamiza tairi la nyuma kwa soli ya ndala. Kila Dickson alipolala mchana, Tusajigwe aliiiba. Aliisukuma hadi juu jasho likimtoka, kisha akashuka nayo mara moja, upepo ukimjaa masikioni hata asisikie kelele zake mwenyewe. Alianguka mara nyingi, na kovu la gotini bado analo. Ukimuuliza anakumbuka nini cha utotoni hatakutajia shule wala ubatizo. Atakutajia kushuka.

Kisha akaolewa. Alimpata Eliud, mtu mpole wa vilima vya Busale, na nyumba yao iko kileleni kabisa, katikati ya kakao na migomba, ilhali mashamba yao ya mpunga yako chini. Kati ya huku na kule kuna barabara ya udongo mwekundu inayoshuka kwa kona, na kwenye kona moja migomba inaachana na ziwa linaonekana lote. Ulikuwa mteremko mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona, na ulianzia mlangoni kwake. Angeomba nini tena? Tatizo ni kwamba barabara hiyohiyo ndiyo anayopita baba mkwe wake, mzee Angetile.

Familia ya mzee Angetile haina haraka ya kuwa ya kisasa, na bado inashika desturi ya zamani ya Wanyakyusa kwamba mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamsemeshi, hali naye, hata jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka barabarani, anaingia migombani, anageuka na kuinama mpaka mzee apite. Mzee naye anakohoa kabla ya kila kona ili ampe nafasi ya kujiondoa. Ukimwambia Tusajigwe kwamba huo ni uonevu, atakuuliza wewe mkweo unamheshimu kwa namna gani. Kwa miaka yote ya ndoa yake amekijua kikohozi cha mzee kuliko anavyoujua uso wake, na anaweza kukutofautishia kile cha mafua na kile cha kupishana. Lakini mtu anayeteremka na baiskeli kwa kasi haingii migombani, labda aingie kwa kichwa.

Basi akawa anashuka kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani, masikio wazi. Kila alipofika kwenye ile kona alisimama kidogo, akalitazama ziwa, na nyayo zikamwasha. Hakumwambia mtu. Mwanamke mzima, mama wa Asifiwe na wengine watatu, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, atamweleza nani kwamba anatamani kushuka mlima? Wangemwombea.

Mwishowe, mwaka ambao kakao ilikubali, alimweleza Eliud. Eliud alicheka, akaona anacheka peke yake. Akauliza jambo moja tu: na baba je? Tusajigwe akajibu kwamba atachagua yenye breki.

Mjini Kyela baiskeli za mitumba anazo Mikidadi, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na duka, na ambaye mwenyewe hajawahi kupanda mlima wowote isipokuwa ndani ya gari. Mikidadi alimpokea vizuri, akamletea stuli, akaanza na za kike, zile zenye kikapu mbele. Tusajigwe alimwambia anataka ya kushukia Busale. Mikidadi akamtazama kwa heshima mpya, akaingia ndani na kutoka na baiskeli nyekundu inayong'aa, ina shokapu mbele na shokapu nyingine katikati, chini ya tandiko.

"Hii, mama Asifiwe, unashuka nayo umekaa kama uko kwenye sofa," alisema.

Tusajigwe alikaa kwenye hiyo sofa. Ikazama, ikainuka, ikazama tena. Akashuka, akaizunguka, akauliza keria atafunga wapi. Mikidadi akakuna kidevu. Ukweli ni kwamba sehemu ya nyuma ya baiskeli ile ilikuwa ikipanda na kushuka kama taya la mtafunaji, na keria haikai juu ya kitu kinachotafuna. Isitoshe, alisema Tusajigwe, kila kinachoshuka lazima kipande, na wakati wa kupanda atakuwa anakanyaga pedeli huku nguvu zote zinaishia kwenye kubonyeabonyea. Akaomba ambayo nyuma ni ngumu na shokapu iko mbele tu.

Zilikuwepo mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, nzuri, na Mikidadi alishaanza kuifuta vumbi. Tusajigwe akaikalia na kutazama chini: gurudumu la mbele lilikuwa karibu sana na miguu yake, uma unaoshika gurudumu umesimama wima. Baiskeli ya Dickson ilikuwa hivyo, na ndiyo iliyomrusha juu ya usukani akapata kovu. Ya pili ilikuwa ya kijani iliyochubuka, hata jina lake limefutika, lakini uma wake ulilala kwenda mbele na gurudumu likatangulia mbali. Tairi zilikuwa pana zenye meno. Usukani ulikuwa mpana kiasi kwamba alihisi ameshika mlango kwa pande zote mbili. Breki zilikuwa za diski, mbele na nyuma.

Sasa breki za kushukia mlima unazijaribuje kwenye mji usio na mlima? Tusajigwe aliomba gunia la mchele. Likaazimwa kwa jirani, likafungwa nyuma kwenye keria ya muda, na mama wa Busale akaondoka nalo kwa kasi yote kwenye barabara ya sokoni, akifumba macho kwa nukta moja. Alikuwa anajisikilizia kikohozi. Alipokisikia kichwani mwake akabana breki zote mbili, baiskeli ikachimba mchanga na kusimama palepale, gunia likamgonga mgongoni. Watu wakapiga makofi. Akainunua ile ya kijani, na Mikidadi mpaka leo anaamini kwamba mwanamke yule alikuwa anajaribu namna ya kubeba mchele.

Kwa hiyo baiskeli ikapatikana, iliyochaguliwa vizuri kuliko wengi wanavyochagua mchumba. Na hamu ikabaki palepale.

Maana kumbe kitu alichokitamani si baiskeli. Kila asubuhi alifunga ndizi nyuma, akaketi, akaanza kushuka akiwa amebana breki. Alibana kwenye mnyooko, akabana zaidi kwenye kona, shingo imesogezwa mbele kusikiliza. Diski zililia njia nzima. Mara nyingine mzee alikohoa, naye akasimama kwa wakati, akalaza baiskeli pembeni na kugeukia migomba, na heshima ikawa imetimia. Mara nyingi hakukuwa na mtu, lakini angejuaje? Alifika bondeni vidole vimekufa ganzi, salama salimini, na alitamani kulia. Akiwa mtoto hakuwa na breki lakini alikuwa na mlima. Sasa breki anazo, mlima umempotea.

Pedi za breki zilikwisha, akanunua nyingine. Zikaisha nazo. Mikidadi alimwambia hajawahi kuona mtu anayekula breki kiasi hicho, na kwamba mtu akiwa mwoga hivyo ni afadhali anunue punda. Tusajigwe alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli, na maneno hayo yalimuuma kwa siku nyingi.

Ikaja asubuhi moja ya msimu wa kupanda mpunga. Watu wote walikuwa bondeni, Eliud akiwemo, na mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo unateleza. Tusajigwe alikuwa juu kidogo ya ile kona aliposikia kikohozi. Akabana, akasimama, akaitupa baiskeli na kuingia migombani upande wa kushoto. Sasa mzee Angetile naye, kwa kuwa alikuwa amezisikia breki zikilia, aliona amrahisishie mkwe wake siku hiyo yenye matope, akaamua kujiondoa yeye. Akaingia migombani upande uleule.

Walikuwa karibu kugongana. Tusajigwe akaziba uso kwa kanga na kugeuka. Mzee akaruka kurudi nyuma, mzee wa umri ule, akatua kwenye mfereji wa maji, na Tusajigwe akasikia kitu kikivunjika.

Alisimama amegeuka. Nyuma yake mzee alikuwa anaguna. Kumshika hawezi, kumtazama hawezi, kumwacha hawezi. Simu kwenye kona ile haishiki mtandao, na juu vijumba vyote vilikuwa vitupu. Hajawahi katika maisha yake kuichukia desturi kama alivyoichukia dakika ile, wala hajawahi kuwa tayari kuivunja kama dakika ile. Alishaanza kugeuza shingo.

"Wewe mgomba," alisema mzee kutoka mferejini, kwa sauti nzito ya maumivu. "Nakuambia wewe. Mwambie huyo mwenye baiskeli kwamba mguu wangu umevunjika. Amfuate mwanangu mpungani."

Tusajigwe akairudisha shingo. Alijua kwamba mzee amemwokoa na aibu, naye yumo mferejini. Akainua baiskeli, akafungua kamba na kuuacha mkungu wa ndizi udondoke.

"Na umwambie," mzee akaendelea kuuambia mgomba, "hizo breki leo asizishike. Nazisikia kila asubuhi zinavyolia. Najua ni kwa sababu yangu."

Tusajigwe akaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alijua kwa hakika kwamba baba mkwe hayuko mbele yake barabarani. Akaviondoa vidole kwenye breki.

Gurudumu la mbele lilitangulia kama alivyolichagua, shokapu ikala mawe, sehemu ya nyuma ikamsukuma bila kuyumba. Kwenye kona migomba ikaachana, ziwa likafunguka lote upande wake wa kulia, likapita. Upepo ukamjaa masikioni. Akasikia mtu anapiga kelele, na ilichukua muda kujua kuwa ni yeye, na kwamba kelele zile si za kuomba msaada. Alikuwa na furaha. Mkwe wake amelala mferejini mguu umevunjika, na yeye ana furaha hata machozi yanampeperuka kwenda nyuma ya masikio. Aliona aibu kubwa, na aibu haikuipunguza furaha hata kidogo. Alipoingia kwenye tuta la mpunga na Eliud akamkimbilia akiuliza kuna nini, alimweleza huku machozi bado yanamtoka, na Eliud akadhani ni kilio.

Mzee alibebwa, akapelekwa hospitali, akarudi na mguu umefungwa plasta, akakaa nyumbani kwake kuusubiri uunge. Tusajigwe alipika, Eliud akapeleka. Jioni moja alimsindikiza mumewe na sufuria hadi nyuma ya nyumba ya mzee, akabaki nje, ameegemea ukuta wa matofali, wakati Eliud anaingia kwa mlango wa nyuma. Alimsikia mzee akisema kitu, na Eliud akatoka amekunja uso.

"Baba anauliza mteremko ulikuwaje."

Tusajigwe alitaka kusema kwamba ulikuwa mzuri, basi. Kisha akamtazama mumewe, mtu mwema ambaye maisha yake yote ameshuka mlima ule kwa miguu, na akajua kwamba jambo hili akimpa alibebe litafika limekufa. Akaugeukia ukuta.

"Mwambie baba," akasema, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kumfikia mtu aliyesimama kando yake, "mwanzo niliogopa. Mwambie tairi lilishika tope vizuri. Mwambie pale konani ziwa lilikuwa na rangi mbili, huku nyeusi, kule nyeupe, na sikusimama."

Ndani, kijiko kilikuwa kimetulia kwenye sahani. Eliud aligeuka ili aingie kupeleka ujumbe, lakini sauti ya mzee ikamwahi.

"Eliud, mwambie aendelee."

Eliud akaona hana cha kupeleka wala cha kuleta, akaketi chini kizingitini. Tusajigwe akasogea mpaka bega likagusa matofali, akaendelea kusimulia, na huku akisimulia alitamani, kwa hamu ileile iliyomwasha nyayo miaka yote, auone uso wa huyo anayemsikiliza.