Jukwaa la Fundi Othmani

Majengo ya Nyeri, enzi zile, ukiuliza habari za Othmani Shariff, mwashi, watu walicheka kwanza ndipo wakakujibu. Walicheka kwa sababu Othmani hakujua kunyamaza juu ya kazi yake. Ukipita naye njiani atakushika mkono akuoneshe ukuta. Kona ile ni yake, ngazi ya duka lile ni yake, pale pa kutawadhia msikitini ni pake, na ole wako uegemee bila kusifu. Lakini hao hao waliomcheka, wakitaka kujenga, hawakwenda kwa mtu mwingine. Jamani, mtu akijisifu na ukuta wake umesimama, utamwambia nini?

Babake, mzee Shariff, alitoka Tabora akiwa kijana, akaja na genge la reli, akibeba vyuma na mataruma ya mbao begani kuipandisha njia hii hadi kwenye miguu ya mlima. Kazi ilipoisha hakurudi kwao. Alimwoa Mwanaisha, akapanga chumba Majengo, na hapo ndipo Othmani na dadake Zuena walipozaliwa. Mzee alipokufa, Mwanaisha alibaki na usemi mmoja uliowachosha majirani: kwamba reli ile si ya Mwingereza, ni ya mume wake, na asiyekubali akaliulize bega la marehemu. Basi la abiria lilimtapisha, na hata lisingemtapisha asingelipanda. Mke wa mtu wa reli husafiri kwa gari moshi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake.

Othmani hakurithi reli, alijichagulia mawe. Alifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi asiyependa maneno. Ukimaliza kuchonga jiwe, mzee alilipiga kofi. Likimpendeza, alipita akaenda zake. Lisipompendeza, alilisukuma kwa mguu likaporomoka bondeni, nawe ukaanza upya. Othmani alisukumiwa mawe mengi mpaka siku moja mzee akaweka kiganja juu ya jiwe lake na asikiondoe upesi. Siku ile Othmani alirudi nyumbani akala sahani mbili za wali.

Jiwe lile liliingia kwenye jukwaa la stesheni. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, na stesheni, ambayo kila mtu wa Nyeri anajua kwamba haiko mjini bali huko mbali upande wa mlima, ilikuwa inajengewa jukwaa la mawe mahali pa lile la udongo. Othmani alipewa ncha ya mwisho, pale jukwaa linaposhuka kwa mteremko hadi chini. Aliijenga kwa mori wa ujana, akatangaza Majengo nzima kwamba hakuna nyundo itakayoivunja ncha ile mpaka Kiyama.

Sasa, jukwaa lile lilikuwa na ila moja, na ila yenyewe haikuwa ya mawe. Injini ilikuwa lazima isimame chini ya bomba la maji ili inywe kabla ya kupanda Nanyuki. Mabehewa ya daraja la tatu yalifungwa nyuma tu ya injini, kwenye moshi na cheche. Na jukwaa liliishia kabla ya kuyafikia. Wenye tikiti za daraja la kwanza na la pili walishukia kwenye mawe yaliyochongwa. Wa daraja la tatu walishukia kwenye kokoto. Aliyeuchora mchoro ule hakusahau kitu, alijua vizuri sana anachofanya.

Mwaka uliofuata Zuena, aliyekuwa ameolewa Nanyuki, akajifungua mtoto wa kwanza, msichana. Mama akatia vitumbua na nguo za mtoto kwenye kikapu, akajitanda kanga mpya, na Othmani akamsindikiza, njia nzima akimsimulia jukwaa. Walipofika, askari wa stesheni akawanyooshea rungu: daraja la tatu ni kule chini. Mama akasimama kwenye kokoto mbele ya behewa, na ngazi ya mlango iko usawa wa kiuno chake. Wanaume wawili wakamvuta mikono kutoka juu. Mtu wa tatu, asiyemjua hata kwa sura, akamsukuma makalio kutoka chini. Kanga ikavuka, ikabaki mkononi mwa yule msukumaji. Na kule juu, kwenye mawe ya Othmani, wenye kofia zao walicheka hadi wakashikana mabega. Othmani alikuwa ameshika kikapu, na aliona yote.

Mama alirudi kutoka Nanyuki kwa lori la ng'ombe, ametapika njia nzima. Aliketi mlangoni akanywa maji kwanza, ndipo akasema.

"Mimi si gunia. Sipandi tena mpaka nipande kama mtu anavyoingia nyumbani kwake." Kisha akamgeukia mwanawe. "Jukwaa lako nimeliona, mwanangu. Ni zuri. Lakini halikunifikia."

Maneno hayo yalimchoma Othmani kuliko matusi. Tangu hapo ukimtajia kazi zake zote alikuwa akisifu, lakini jukwaa alilipita kimya, na watu wakaona ni ajabu. Ikaja miaka ya hali ya hatari, ambapo Mkikuyu kusafiri ilikuwa ni ruhusa na mjeledi, na mtu wa daraja la tatu akikanyaga jukwaani alishushwa kwa fimbo. Zuena ndiye aliyekuwa akija Nyeri kumwona mama. Mama mwenyewe hakwenda Nanyuki tena, wala hakubadili neno.

Basi Uhuru ukaja, na mwaka wa pili baada ya bendera kupandishwa, stesheni nayo ikakumbukwa. Stesheni masta mpya alikuwa Peterson Mathenge, mtu mtaratibu, mwenye sare iliyonyooshwa na sauti ndogo. Alimwita Othmani akamweleza kazi: ghala la mizigo ili viazi vya watu wa Kieni visilowe na mvua, zizi la kondoo wanaongoja kupakiwa, mabomba ya maji ya kunywa, vyoo vya abiria wote bila kubagua, na jukwaa kurefushwa hadi kwenye bomba la injini. Othmani aliposikia hilo la mwisho, hakusikia mengine. Akaomba aanzie hapo. Mathenge akamwambia kwa upole kwamba viazi vinaoza lakini watu hawaozi, kwa hiyo ghala kwanza. Othmani akanuna juma zima, akajenga ghala akiwa amenuna, na ghala likatoka zuri vile vile.

Kazi ikiwa katikati, habari ikaja kutoka Nanyuki. Yule mtoto aliyezaliwa mwaka wa kanga kuvuka ameposwa, na harusi ni baada ya Idi. Othmani akamtazama mama, mama akatazama mkeka. Alikuwa amezeeka, magoti yanalia akiinuka, na kila mtu nyumbani alijua kwamba asipomwona mjukuu huyu akiolewa hataona harusi nyingine ya damu yake. Alifungua sanduku akatoa bangili zake za fedha, akamkabidhi Othmani azipeleke kwa niaba yake.

"Mwambie bibi yake anampenda," akasema. "Mwambie pia bibi yake si gunia."

Othmani akazirudisha bangili sandukuni kwa mkono wake mwenyewe. Akasema utazipeleka wewe, mama, akatoka nje kabla hajaulizwa kwa njia gani.

Lakini la kuvunda halina ubani. Ghala na zizi vilikuwa vimekula mawe yote mazuri, na mvua zilipokuja machimbo yakajaa maji. Yaliyobaki yalikuwa mawe mabovu, ukiyagonga yanabomoka kama mkate wa jana. Mathenge akashauri ukingo ujengwe kwa mataruma ya zamani, kisha mwakani watatafuta mawe. Shauri lilikuwa la busara, na Othmani alilijua hivyo, ndiyo maana likamkasirisha. Akajibu kwamba mamake hatakanyaga mbao zilizooza, na mwakani ni ya Mungu.

Siku hiyo akatembea jukwaani mpaka mwisho akasimama kwenye ile ncha yake. Mawe aliyoyahitaji yalikuwa chini ya miguu yake. Mawe magumu ya kijivu, yaliyochongwa na kijana mwenye macho makali, na mteremko ule ulikuwa sharti uvunjwe au ufukiwe hata hivyo ili jukwaa liendelee. Alikuwa amekwisha panga kuufukia kwa udongo, ubaki mzima huko chini, sifa yake ya ujana. Alikuna kichwa kitambo kirefu. Halafu akamwita Nderitu, mwashi mwenzake wa mtaa wa Skuta, akamwambia alete nyundo kubwa.

Watu husema kuvunja ni rahisi kuliko kujenga. Waliosema hivyo hawakuvunja kazi ya Othmani. Walipiga, nyundo ikaruka. Walichokora kwa mitaimbo, mitaimbo ikapinda. Nderitu aliishiwa na pumzi, akatupa nyundo chini na kuketi juu yake.

"Nani mjinga alijenga hii kitu?" akauliza.

"Mjinga ndiye huyu," Othmani akajibu, akijigonga kifua, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze alicheka. Akamwambia Nderitu aendelee kumtukana huyo kijana, kwamba anastahili. Wakapiga, wakatukana, na jioni moja mawe yakaanza kuachia.

Yakapangwa upya mbele, kwa uzi na timazi, mpaka yakafika kwenye bomba la maji. Lile jiwe la kiganja cha mzee wa Kihindi Othmani alilitenga. Alingoja gari moshi likasimama, akatia alama pale mlango wa behewa la daraja la tatu unapofungukia, na hapo akaliweka, uso wake umelingana na ngazi. Sasa mdomo ukafunguka. Majengo nzima ikasikia habari za jiwe hilo, asubuhi jiwe, jioni jiwe. Mama alisikia zaidi ya wote. Ukifika, mama, angalia chini, aliambiwa, na mama akasema ataangalia, ilimradi aachwe ale.

Siku ya safari ikafika. Mama akaja kwenye kiti cha mbele cha lori la saruji, kikapu magotini, bangili ndani ya kikapu. Othmani alikuwa amemtangulia kuhakikisha jukwaa limefagiwa.

Jukwaa lilikuwa jeupe, tupu. Abiria wa daraja la tatu walikuwa wamejaa ng'ambo ya njia, mkabala na pale pa zamani, kwenye kokoto. Lango jipya lilikuwa wazi, lakini wao walipitia upenyo wa uani waliouzoea, mizigo migongoni, wakasimama chini kama walivyosimamishwa miaka yote. Mazoea yana taabu. Mathenge alitoka akawaita kwa sauti yake ndogo, wakamwitikia kwa heshima na hawakusogea.

Mama akashuka kwenye lori, akaona. Akasimama langoni.

"Mbona watu wako chini?"

Othmani akaeleza, akaapa, akaonesha kwa mikono miwili. Mama akatikisa kichwa. Alisema hawezi kupanda pale juu peke yake akaja akashushwa mbele za watu, aliaibishwa hapa mara moja na inatosha. Akageuka kulitafuta lori. Na kutoka mbali, upande wa Kiganjo, gari moshi likapiga honi.

Hapo Othmani aliacha kuwa fundi, akawa mwendawazimu. Aliruka chini, akavuka njia, akamfikia mwanamke aliyesimama mbele ya wote, Wangechi wa Endarasha, mwenye kiondo kikubwa cha kabichi kando yake na kuku wawili juu ya kabichi. Hakumsalimu. Alikinyakua kiondo, kuku wakapiga kelele, akakimbia nacho hadi jukwaani akakitua juu ya mawe. Wangechi akamfuata akiita mwizi. Alipanda jukwaa lile kwa magoti na viwiko, akakikumbatia kiondo chake, na tayari alikuwa ameinua mkono ampige.

"Uko wapi sasa, mama?" Othmani akamuuliza, anahema.

Wangechi akatazama chini. Akatazama kushoto na kulia, akamwona stesheni masta anamwinamishia kichwa. Mkono ukashuka. "Ati niko hapa juu," akasema polepole. Halafu akawageukia wenzake. "Kujeni! Hakuna mtu anafukuza!"

Wakaja, na vicheko na watoto na magunia, wakalijaza jukwaa mpaka mwisho. Gari moshi lilipoingia liliwakuta wamesimama kwenye mawe, wote. Na mama, aliyekuwa amecheka ile ya kuku mpaka akajishika kiuno, alipita katikati yao kanga imekaa sawa, kikapu mkononi, akimuuliza Wangechi kabichi za Endarasha zinauzwaje Nanyuki siku hizi. Mlango ulikuwa wazi. Aliingia behewani huku bado anazungumza, mguu huu, kisha ule, wala hakushika chuma, wala hakupunguza mwendo. Alikaa dirishani na kumpungia mwanawe mkono. Injini ikamaliza maji yake, gari likaondoka.

Othmani alibaki amesimama kando ya lile jiwe. Nderitu akaja na nyundo yake begani, hajamaliza kucheka.

"Na hakuangalia hiyo jiwe yako hata kidogo."

Othmani alikuwa anajifuta machozi kwa kofia yake, wala hakuyaficha.

"Wewe ukiingia kwako," akamjibu, "huwa unaangalia kizingiti?"