Traki ya Ndege

Studio niliyofanyia kazi Kanombe, Rwanda, ilikuwa gereji ya mtu. Kwenye kuta tulipigilia magodoro ya zamani, mlangoni tukaning'iniza blanketi, lakini kwa upande wa juu hatukuwa na la kufanya. Uwanja wa ndege uko pale pale. Ndege ikianza kushuka, bati linaanza kutetemeka kabla hujaisikia, na kila maiki ndani ya chumba inaimeza ngurumo yote.

Niliacha shule kidato cha pili. Nimeishi Bukoba, Kampala na Bujumbura, nikitengeneza redio, nikiuza simu, nikihama kila nilipoanza kujua majina ya majirani. Programu ya kuhariri muziki nilijifunza kwa kusimama nyuma ya kiti cha mtu na kumuuliza maswali mpaka akachoka, akanipa kiti. Nilichokipenda ni kule kupanga. Sauti inaonekana kwenye kioo cha kompyuta kama mchoro wa vilima. Unakata, unasogeza, unaipa kila traki, yaani kila mstari wa sauti, jina na rangi yake. Sauti ya kwanza niliipa kijani, ya pili bluu, ya tatu zambarau. Chini kabisa niliweka traki ya kijivu, nikaiita Ndege. Humo nilitupa kila kipande kilichoharibiwa na ndege, nikakizima kisisikike. Sikufuta. Sipendi kufuta kitu kabla sijajua kilikuwa nini.

Kwaya iliyokuja kwetu mwaka ule ilikuwa ya kanisa la jirani, wanaimba bila ala. Kila kundi la sauti lilizunguka maiki yake. Ndege ikipita walinyamaza, wakasubiri, wakaendelea pale walipoishia. Mimi sikusimamisha mashine, niliiacha irekodi. Siku ya kwanza nilishangaa: kwaya zote nilizowahi kurekodi, zikikatizwa namna hiyo, hurudi na wimbo umeshuka, noti zikiwa chini kidogo ya pale walipoishia. Hawa hawakushuka. Nikavaa hedifoni vizuri, nikafungua maiki moja moja, ndipo nikagundua. Katika sauti ya tatu kulikuwa na dada mmoja, mwalimu wa chekechea, ambaye ndege ikianza alifunga mdomo na kuishikilia noti kwa kuvuma taratibu, mpaka ngurumo iishe. Wenzake walimwegemea, wakiisikiliza kifuani mwake. Ngurumo ikiondoka, noti ilikuwa bado ipo, nao wakaichukua.

"Nani alikufundisha hivyo?" nilimuuliza.

"Ndege," alisema. "Nimezaliwa chini ya ndege. Wewe Kinyozi, fanya kazi yako."

Aliniita Kinyozi kwa sababu ya kukata sauti. Kila walipomaliza alichungulia kwenye kioo. "Leo umetunyoa wapi? Usinitoe upara, nina mchumba."

Kiongozi wao, mzee mwembamba wa sauti ya chini, alicheka. "Huyu mutoto iko anasumbua. Munyoe tu."

Walibakiza ubeti wa mwisho. Jumapili iliyofuata yule dada hakuja; walisema ana homa. Katikati ya juma kiongozi alinipigia simu kutoka hospitali. Alikohoa, akasema, "Kinyozi, dada yetu ametuacha." Hapo kabla hakuwahi kuniita hivyo.

Rwanda watu hukusanyika tena siku chache baada ya mazishi kuondoa matanga. Wenyewe husema gukura ikiriyo. Kwaya ilitaka wimbo uwe tayari siku hiyo, kwa hiyo walikuja kurekodi ubeti uliobaki wakiwa bado na macho mekundu. Walisimama kama kawaida. Kwenye sauti ya tatu waliacha nafasi ya yule dada wazi bila mtu kuwaambia. Ikaja ndege. Wakanyamaza. Niliwatazama wakigeuka kidogo kuelekea ile nafasi, kwa mazoea tu. Ngurumo ilipoisha wakaanza, na wimbo ukawa umeshuka.

"Turudie," kiongozi alisema.

Walirudia, ukashuka tena. Mmoja akaanza kulia, akaomba radhi.

"Acheni," nikasema. "Nitaupandisha huku."

Nikaupandisha. Ni kazi ya kubonyeza: unachagua traki zote, unapandisha kidogo, ubeti unaungana na ule uliotangulia. Nilisikiliza mara nyingi, nikashindwa kupata mahali palipounganishwa. Ukiusikia wimbo ule huwezi kujua kwamba kuna mtu aliondoka katikati yake. Kwa mara ya kwanza niliichukia kazi safi.

Siku moja kabla ya matanga kuondolewa, mama yake marehemu alikuja mwenyewe, mchana. Alilelewa Karagwe, na Kiswahili chake safi kilinitia aibu. Alisikiliza wimbo wote mikono ikiwa mapajani.

"Mmeimba vizuri," alisema. "Binti yangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha traki ya zambarau. "Yumo humu, mama. Na wenzake."

"Mtoe nimsikie peke yake."

"Haiwezekani, mama. Waliimba pamoja kwenye maiki moja. Nikimtoa yeye, wanatoka wote."

"Nina picha zake nyingi sana," alisema. "Sauti sina hata moja. Alikuwa akiniandikia ujumbe tu, kwa sababu mimi nasikia vibaya kwenye simu."

Nikashuka mpaka chini ya kioo, kwenye kijivu, ambako wenzake walikuwa wamenyamaza akabaki yeye peke yake. Nikachagua kipande kimoja kirefu. Kabla ya kumpa nilikisafisha kwa kifaa cha kuondoa kelele. Ndege ilitoka, lakini iliondoka na sehemu ya chini ya sauti yake. Kilichobaki kilikuwa chembamba, kama mtu aliye ndani ya debe.

Mama alisikiliza, akavua hedifoni. "Huyu simjui."

"Ni yeye, mama. Nimetoa ndege."

"Irudishe."

Nikairudisha, akavaa tena hedifoni. Ngurumo ikaja, na ndani yake ile noti, tulivu, haitikisiki. Mama aliinamisha kichwa. Kidole chake cha shahada kilianza kugusa meza polepole. Kipande kilipoisha alibaki na hedifoni masikioni, akisikiliza kimya kilichofuata, nami sikuthubutu kumwambia kimekwisha.

"Nilikuwa nikimgombeza," alisema baadaye. "Akiwa mdogo, ndege ikipita alikuwa akivuma hivyo jikoni. Nikamwambia, nyamaza, zinatosha hizo za juu."

Nilimwekea vipande vyote kwenye simu yake, nikavipanga toka kifupi hadi kirefu.

Kesho yake tulikaa uani kwao, chini ya turubai. Wimbo ulipigwa kwenye spika kubwa, watu wakausifia, kiongozi akanishika bega. Kisha mjomba mmoja akasimama kuwashukuru waliokuja. Akiwa katikati ya maneno, turubai lilianza kutetemeka. Alinyamaza akasubiri, kama watu wa Kanombe wanavyofanya, na wote tukanyamaza naye. Nilimtazama mama. Simu ilikuwa mapajani, imezimwa. Alikuwa ameinua uso, ameugeuza kidogo kuelekea mlango wa jikoni.

Ndege ikapita. Mjomba akaendelea kushukuru.