Ng'ombe Hufundishwa Kusimama Kwanza

Nakumbuka kicheko changu kwanza, mwanangu, ndipo nakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ua wa matete, kanga nimeiuma kwa meno nisisikike, namcheka baba mkwe wangu. Mzee mzima alikuwa uwanjani na madume wanne wachanga, kawafunga nira, na kwa siku ya sita mfululizo alikuwa anawafundisha neno moja tu: "Simama." Na wao walikuwa wamesimama tayari! Nikajisemea, loo, nimeolewa na watu gani hawa.

Nakuambia wewe Lusajo, na wenzako wote mliokuwa pale asubuhi. Nimekuona ukiwakimbiza wale maksai wako wapya wa mnadani, fimbo juu, mluzi mdomoni, vijana wanakupigia makofi. Nikaacha kumenya viazi. Njoo ukae, hiyo simu iweke mfukoni. Wewe ni mjukuu, lakini kwangu ni mwanangu, na sababu utaijua kabla sijamaliza.

Sisi Wandali wa hapa Ibaba, enzi hizo, mke na baba mkwe wake hawakutazamana usoni. Nikisikia kikohozi chake njiani, naingia porini, najiinamia na kujifunika kanga mpaka apite. Kusemeshana ndiyo kabisa, hakukuwapo. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Nyie wa leo mnakaa na wakwe zenu meza moja mnagombea paja la kuku. Haya, kila zama na kitabu chake. Mimi baba mkwe wangu nilimjua kwa miguu, kwa sababu ua ule wa matete ulikuwa na uwazi chini, kiasi cha shibiri moja. Miguu mipana, kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Na sauti yake niliijua.

Sauti ile, mwanangu! Haikupanda hata siku moja. Watu walitoka mpaka Vwawa kuja kununua maksai aliowafunza, na walikuwa wakisema ng'ombe wa mzee huyu wana akili za binadamu. Si kweli. Walikuwa ng'ombe kama wa wengine, ila waliangukia mikononi mwa mtu. Aliwalambisha chumvi kiganjani. Aliwakuna chini ya shingo. Wawili waliofungwa nira moja aliwalaza zizi moja na kuwanywesha pamoja, na aliyezoea kulia hakumhamishia kushoto hata kwa dawa. Wale wanne aliwapa majina yake ya utani: Jirani na Usiseme mbele, Taratibu na Kazimoto nyuma.

Hapa kwetu milimani mkokoteni wa magurudumu ulikuwa anasa. Tulikata gogo lenye panda, tukapigilia mbao juu yake, tukalifunga mnyororo, ng'ombe wakaliburuza. Viazi, kuni, mawe ya msingi wa kanisa, vyote vilipita juu ya magogo ya namna hiyo. Lakini gogo halina breki. Kwenye mteremko linawafuata ng'ombe na kuwapiga visigino. Ndiyo maana mzee alikuwa na sheria yake: hushuki bila kufunga nyuma ya gogo tawi kubwa lenye majani, liburuzike na kulizuia. Na hushuki kabisa na ng'ombe asiyejua kusimama.

Mimi niliyajua haya yote kwa kuyasikia. Kuyajua na kuyatii ni vitu viwili.

Siku moja mzee alikwenda kwenye kikao cha kanisa. Mume wangu alikuwa Tunduma, anabeba mizigo mpakani. Mama mkwe alikuwa shambani. Kuni zilikuwa juu kule kwenye msitu wa mianzi, na mimi shingo ilikuwa imechoka kubeba. Nikawatazama wale madume wanne, wamenona, wamekaa tu wanacheua. Nikasema, hawa kazi yao kusimama mpaka lini? Mwanamke kushika fimbo ya ng'ombe kilikuwa kichekesho enzi hizo, nami nikaona nitawaonyesha. Nikawafunga nira.

Kupanda walipanda vizuri, nikajiona fundi. Nikajaza kuni mpaka gogo likalia. Tawi sikufunga, niliona litanichelewesha. Tulipoanza kushuka, gogo likampiga Kazimoto kisigino cha nyuma. Akaruka. Nikapiga kelele, "Simama! Simama!" huku mkono unachapa fimbo. Sasa ng'ombe asikilize nini, mdomo au fimbo? Wakatimua mbio wote wanne, kuni zikamwagika njia nzima, na niliwakuta chini mtoni wamenasa kwenye miti, Kazimoto anatetemeka, mguu umechanika mpaka nyama nyeupe inaonekana.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi wangu haukuguswa. Aliumia asiyekuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniuma. Lakini usinione mwema bado. Nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikawarudisha zizini, nikanyamaza kimya.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia nyuma ya ua. Nikaona miguu ile mipana inakuja, ikasimama zizini. Kisha mzee akaanza kuzungumza, na hakuzungumza na mimi. Alizungumza na ng'ombe.

"Kazimoto," akasema, sauti ileile, "pole, baba. Aliyekupeleka mteremkoni bila tawi hana roho mbaya, ana haraka tu. Mwambie hivi: kumfundisha ng'ombe kwenda si kazi. Hata nyuki anaweza. Akimchoma tu, ng'ombe anakwenda. Kazi ni kusimama. Nitaanza na wewe upya, na huyo aliyekuumiza awe anakuja nyuma ya ua kusikiliza. Ila safari hii asicheke."

Weee! Kumbe siku zote alikuwa anasikia. Nilikaa chini palepale na ufagio wangu nikalia kwa aibu. Angeweza kumtuma mama mkwe anigombeze mbele ya majirani. Angeweza kumwita mume wangu kutoka Tunduma anirudishe kwetu, maana ng'ombe ni mali nzito. Badala yake alinifunika, akanionya kupitia kwa ng'ombe, na mila haikuvunjika hata ukucha.

Basi nikaenda shule, mwanangu, shule ya nyuma ya ua. Kila asubuhi mzee anamweleza Kazimoto mambo ambayo Kazimoto hakuyahitaji. "Sasa naweka mkono kwenye paji, Kazimoto. Sasa nalegeza kamba kwanza, ndipo naongea." Nami nasikiliza. Jioni, mzee akishaondoka, naingia zizini nafanya vilevile. Kazimoto alikuwa ameliogopa lile gogo kupita kiasi. Mzee akaliweka karibu na majani yake, awe anakula na adui wake pembeni. Baada ya wiki akamwekea mnyororo mtupu. Kisha gogo tupu, tambarare. Kisha gogo tupu, kupanda. Kushuka na mzigo bado. "Hilo atakuwa tayari mwakani," alimwambia Taratibu, ambaye pia hakuuliza.

Mwakani hatukufika. Kifuku kilianza, mvua siku kumi bila kukatika, na asubuhi moja mama mkwe akanijia jikoni uso umekauka. Ngiri ya mzee ilikuwa imebana tangu alfajiri. Anatapika, tumbo gumu kama ubao. Ulikuwa ugonjwa wa kisu cha daktari, na tulijua aliyecheleweshwa hafiki jioni. Lori la viazi lilikuwa likipita barabarani huko bondeni saa sita mchana, mara moja tu kwa siku. Vijana wa kubeba machela walikuwa wamekwenda mazikoni ng'ambo, na mto ulikuwa umejaa nyuma yao. Nyumbani tulikuwa wanawake wawili na ng'ombe wanne.

"Utaweza?" mama mkwe akaniuliza.

Nikamwambia, "Mama, sijui. Lakini tawi nitafunga."

Akamlaza mzee juu ya gogo, kwenye majani makavu, akamfunika blanketi gubigubi, kichwa na vyote, ili nisimwone. Hata kifo kikiwa mlangoni, mila zilikaa mahali pake. Nikafunga tawi la mti nyuma, kubwa kama kibanda. Nikamwendea Kazimoto, nikaweka mkono kwenye paji lake, nikamwambia ukweli: "Leo ni kushuka, na mzigo ni huyu aliyekulea. Nisamehe la siku ile, nisaidie." Usinicheke. Na wewe ipo siku utaongea na ng'ombe.

Ukungu wa Ibaba unaujua, mkono wako mwenyewe huuoni. Nilitembea mbele nimeshika kamba ya Jirani, mama mkwe akitembea pembeni ya gogo. Kila hatua ishirini nasema "simama," wanasimama, wanapumua, tunaendelea. Nilikuwa na haraka kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na sikukimbia. Nyuma nilisikia lile tawi likisaga tope, na mzee akiugua chini ya blanketi.

Kwenye kona ya juu ya bonde, ardhi ikaniponyoka. Mvua ilikuwa imeimega njia usiku, na mimi sikuona. Nikazama mpaka kiunoni, miguu inaning'inia hewani, kilichonishikilia ni ile kamba ya Jirani tu. Hatua moja zaidi ya ng'ombe, wananikanyaga, na gogo na mzee wanatufuata shimoni. Nilitaka kupiga kelele na pumzi haikuwapo. Kilichotoka ni mnong'ono: "Simama, baba."

Wakasimama.

Wote wanne, mwanangu! Kwenye mteremko, kwenye utelezi, mzigo unawasukuma, kwa mnong'ono ambao hata wewe hapo usingeusikia. Jirani na Usiseme walikaza shingo nami nikipanda kwenye kamba. Nilipoinua kichwa, ukungu ukapasuka kidogo, nikamwona Kazimoto. Gogo lilikuwa limemgusa kisigino palepale penye kovu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamemtoka, amejiegemeza nyuma, analizuia. Hakuinua hata kwato. Nimeona wanaume wengi wakisifiwa ushujaa, wengine wamezikwa kwa hotuba ndefu, lakini shujaa niliyemwona kwa macho yangu ni yule.

Nilikaa kwenye tope, nikamwambia mama mkwe kwamba njia imemegeka. Ndipo ile sauti ikatoka chini ya blanketi, nyembamba, imechoka, lakini ni ileile.

"Kazimoto," ikasema, "ndaga. Asante, baba. Sasa mwambie binti yangu ageuzie juu, apite shamba la viazi. Mwenye shamba nitazungumza naye mimi mwenyewe."

Binti yangu. Hakusema mke wa mwanangu, wala yule wa jikoni. Nililia huku nageuza ng'ombe, na nakwambia niligeuza vizuri. Tulipita katikati ya viazi vya watu, tukafika barabarani, lori likaja likatukuta tunangoja. Mzee alipasuliwa siku ileile, akapona. Aliporudi, mwenye shamba alikuwa ameshakuja kulalamika mara mbili, na mzee alizungumza naye kama alivyoahidi.

Kisha akamtuma mama mkwe aniletee fimbo yake. Ile pale juu ya mlango, mnayoipita kila siku. Nimefunza nayo ng'ombe wa kijiji hiki mpaka mgongo ukakataa, na tazama ncha yake, haijachakaa, kwa sababu ilikuwa ya kuelekeza. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo alinisemesha kupitia kwa ng'ombe. Uso wake niliuona siku moja tu, ulipofunuliwa jenezani kanisani. Nikamtazama vizuri, bila kanga. Nikasema, kumbe ndiye huyu.

Sasa sikia, mwanangu, wewe na wenzako. Kila kitu mlichopewa siku hizi kinajua kwenda. Pikipiki zenu zinajua kwenda, midomo yenu, hasira zenu, hata mapenzi yenu. Mtu akikuchoma kidogo tu, umeshaondoka. Usimsifu mtu kwa mbio zake mpaka umwone kwenye mteremko. Kabla hujapakia mzigo wowote juu ya kiumbe chochote, awe ng'ombe, awe mke, awe mtoto wako, au roho yako mwenyewe, mfundishe kwanza kusimama, na mfundishe kwa sauti ndogo, maana siku ya shida sauti kubwa hutakuwa nayo. Na ukimuumiza asiye na kosa, usiishie kumwosha damu ukanyamaza. Rudi uanze naye upya, hata ichukue mwaka. Na mkosaji akiangukia mikononi mwako, mfunike kama mimi nilivyofunikwa. Nilikuwa mgeni nyumbani mwa watu, nikaitwa binti na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunifukuza. Ndiyo maana na mimi sijui kumwita kijana jina jingine.

Mungu akupe mkono wa mzee yule, Lusajo. Akupe ng'ombe wenye moyo wa Kazimoto, na siku utakapoteleza, mnong'ono wako usikike. Amina. Haya, nenda ukawafungue nira wale maksai, wamekutazama muda mrefu. Wamesimama pale tangu tulipoanza kuongea, umewaona? Kwa leo inatosha. Wape chumvi.