Tsubaki Si Sazanka

Tsubaki na sazanka ni miti ndugu ya Kijapani, maua yao kama mapacha. Jirani yangu, bibi mkaidi, hatazami juu kuitofautisha. Huinama chini ya mti. Akikuta petali zimetapakaa, hiyo sazanka. Akikuta ua limeanguka zima, hulibeba kiganjani kama kifaranga: tsubaki. Ukibisha, anakufinya.

Alipolazwa aliniagiza tawi la tsubaki yake. Muuguzi akanizuia mlangoni. Alisema ua linaloanguka zima, kama kichwa kilichokatwa, ni nuksi kwa mgonjwa. Kisha akanihurumia, akanong'ona, "Dada, sema tu ni sazanka, upite."

"Sazanka ya nani?" bibi akafoka kitandani. "We binti, hiyo ni tsubaki! Ilete hapa. Kupukutika kidogo kidogo sitaki. Mimi nikianguka, naanguka mzima!"