Ubongo Wangu na Honi ya Meli

Biashara ya samaki aina ya sangara ilipofunguka nilitajirika kuliko waliosoma, nikajimaliza kwa bia kwenye baa za Mirongo. Mke wangu akarudi kwao Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa, akasema atarudi nikiacha. Daktari akanieleza kwamba ubongo wangu umezoea kushangilia kabla hata sijanywa. Mlio wa kizibo cha chupa tu unauamsha.

"Basi nitaufundisha upya," nikamwambia. Niliishia darasa la nne, lakini kwa ubishi sina mpinzani. Nikahamia Ilemela mbali na baa, nikatetemeka wee mpaka hamu ya pombe ikapita.

Siku ya kumpokea mke wangu bandarini, wanywaji wenzangu wa zamani wakanifungulia chupa sikioni.

"Bosi, unaringa siku hizi?"

"Naringa, ndiyo."

Kizibo hakikunigusa. Honi ya meli ndiyo iliyonirusha moyo.