Mke Mwenza Mwenye Mkia

Sitasema uongo: nimewahi kumwonea wivu paka. Cheka tu, mdogo wangu naye alicheka. Lakini wewe hujakaa na mwanamume miaka yote hiyo, umpikie, umfulie, umzalie, halafu umsikie akimwambia "pole" mnyama aliyeletwa nyumbani ndani ya kiroba.

Mambo yalianza na panya. Tunakaa kijijini, upande wa Chamwino, nyumba ya tofali za kuchoma na bati, na chumba kimoja tumekifanya stoo. Mwaka ule tulivuna vizuri: uwele, mtama, alizeti, na karanga zangu za mbegu nilizozichambua mwenyewe punje kwa punje. Panya wakapata habari. Walihamia kwetu na koo zao zote. Walitoboa viroba, wakala karanga, wakala sabuni, wakala pindo la kitenge changu cha kanisani. Mume wangu walimng'ata kisigino na kumpuliza, asubuhi akaamka anachechemea na hajui kwa nini.

Siku nilipokwenda soko la Majengo mjini kuuza alizeti nikakutana na kijana mwenye kipaza sauti: "Sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto! Panya akila anakauka, haozi, hanuki!" Nikanunua. Mume wangu alipoiona alinyoosha mkono nikampa.

"Mama watoto, tuna mbwa. Tuna kuku wenye vifaranga. Panya akifia nje, mbwa atamla."

Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Akachimba shimo nyuma ya choo, akaifukia.

Nikajaribu gundi. Loo! Niliipaka kwenye ubao nikauweka kati ya viroba, na wa kwanza kunasa alikuwa kifaranga aliyejipenyeza chini ya mlango. Nilimsugua kwa mafuta ya kula mpaka manyoya yakanyonyoka, akazurura uwanjani siku nzima yu uchi, mama yake hamtaki. Wa pili kunasa alikuwa mume wangu mwenyewe. Kaingia stoo mchana kweupe, kakanyaga katikati ya ubao, kandambili ikabaki palepale.

"Baba, hukuuona?"

"Niliuona."

Nikacheka, yakaisha.

Baadaye tulifanya kazi ya maana. Tulijenga chanja ya miti, tukavipandisha viroba juu, mbali na ukuta. Matundu tukayaziba kwa udongo uliochanganywa na vipande vya chupa, maana udongo mtupu panya anaufukua huku anaimba. Walipungua, lakini hawakuisha. Ndipo mume wangu alipoondoka asubuhi moja bila kuaga, akarudi na kiroba kinachochezacheza. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka kule Majengo alikuwa na paka wengi, akampa jike mdogo, mweusi mwenye kifua cheupe. Alimbeba kiroba kimefungwa mdomo ili asiijue njia ya kurudi.

Sasa nikwambie kuhusu mume wangu. Si mkali, si mlevi, hajawahi kuniinulia mkono, na hilo namshukuru Mungu. Lakini maneno yake huyatoa kama chumvi ya mwisho wa mwezi. "Chakula kipo?" "Mbuzi wamerudi." "Nalala." Mimi ni wa Busi, huko Kondoa, na kwetu watu wanaongea mpaka mate yanakauka. Nilipoolewa niliambiwa nivumilie, atazoea. Watoto wamezaliwa, wamekua, wameondoka, hajazoea. Sikutaka vitenge vipya, sikutaka kupelekwa mjini. Nilitaka aniambie mambo yake. Basi, hilo tu.

Akamwambia paka.

Mara ya kwanza nilikuwa jikoni nachambua mlenda, naye kakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa stoo, jua linashuka. Jiko letu lina dirisha dogo lisilo na kitu, na kigoda kiko chini yake. Nikasikia sauti ya mtu anabembeleza. Nikadhani kuna mgeni. Nikachungulia, hakuna mgeni, yupo paka mapajani anakunwa shingo.

"Pole, mama. Umechoka. Umefanya kazi kubwa leo. Pole sana."

Nilisimama na mlenda mkononi. Pole! Mimi nilipalilia alizeti nikiwa na mimba ya miezi saba. Nilibeba maji kichwani kutoka kisimani mpaka nikaota upara katikati. Sikuwahi kusikia pole. Na huyu kaua panya wawili!

Halafu ukitaka kujua kilichonichoma zaidi, alisema kwa Kigogo. Mimi ananisemesha Kiswahili tangu siku ya posa, Kiswahili cha mkutano wa kijiji. Paka wa Majengo, asiyejua hata jembe, ndiye anayepewa Kigogo cha mama yake. Kigogo nakielewa chote, wanangu wamekulia humo. Ila nikikisema wananicheka.

Ikawa kila jioni. Na mimi kila jioni nikawa na kazi jikoni, kazi nisizozijua hata mimi. Nilichambua mlenda uliokwisha chambuliwa. Nilisugua sufuria safi. Nikasikia kwamba goti la kulia linamsumbua akishuka mtoni. Nikasikia kwamba kijana wetu wa mwisho hajapiga simu na inamuuma. Nikasikia kwamba alimwota mama yake anamwita akale, akaamka na njaa. Makubwa! Habari za mume wangu nazipata kwa kuiba, kupitia dirishani, na mwenye kupewa bure anajilamba makucha.

Siku moja ulimi ulinitoka. Nikamwekea maji ya kuoga nikasema, "Hayo ni ya moto, kanda hilo goti lako."

"Nani kakwambia goti?"

"Nimeona unavyotembea."

Akanitazama, akaoga.

Kwa paka nilianza kuwa mbaya, nasema kweli. Nilimnyima vichwa vya dagaa, nikampa ukoko wa ugali. Mume wangu akawa anatoa dagaa kwenye sahani yake mwenyewe. Na yule paka, kama anajua, akiua panya hakumleta kwangu mwenye karanga. Anapita mlangoni pangu panya yuko mdomoni, mkia juu, anakwenda kumlaza miguuni pa mume wangu. Halafu ananigeukia. Waulize waliofuga paka, watakwambia paka hana dharau. Waongo!

Nikampigia simu mdogo wangu kule Busi. Nilidhani atanionea huruma. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena.

"Dada, pole jamani! Kumbe umeletewa mke mwenza! Tena mwenye mkia!"

"Usinichezee."

"Sasa wewe mtie kwenye kiroba umlete huku. Njia yenyewe ndefu, hatarudi."

Thubutu! Unadhani sikukitafuta kiroba? Nilikitafuta, nikakikung'uta, nikakishika mlangoni. Nikatazama juu, mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Mbegu zangu ziko kwenye chanja, mvua ziko njiani, na panya wakirudi nitapanda nini? Wivu haupandwi. Nikakikunja kiroba nikakirudisha. Paka alikuwa amelala juu ya kigoda cha mume wangu, hakufungua hata jicho.

Ndivyo tulivyokaa, watatu, mpaka siku ya ile jioni ninayotaka kuisema.

Mume wangu alikuwa anatia mpini kwenye jembe, mimi niko dirishani kwangu na ungo wa karanga. Akaacha kugonga. Akamchukua paka.

"Wewe una raha," akamwambia. "Unaona hata gizani. Mimi hili la kushoto tangu mavuno naona moshi tu. Na la kulia nalo limeanza." Akamkuna masikio. Kisha akasema, "Usimwambie mama wa humu ndani."

Wengine wangesema machozi yaliwatoka. Mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu. Paka kajua kabla yangu! Mume wangu anapoteza macho, na wa kuaminiwa ni paka!

Huruma ilikuja baadaye, nimekaa chini na ungo magotini, mambo yakaanza kujipanga. Ule ubao wa gundi, mchana kweupe. Chai niliyompa akapokea hewa, kikombe kikaanguka. Na ile siku tunatoka kanisani akamwamkia shikamoo kijana wa bodaboda, mtoto wa juzi. Watu wakacheka, wakasema mzee leo ana utani. Nami nilicheka nao. Alicheka pia.

Baba yake alikufa kipofu. Nilimkuta mzee huyo nilipoolewa. Alikuwa anaongozwa kwa fimbo: yeye ameshika ncha moja, mtoto ameshika nyingine, wanakwenda kilabuni, wanakwenda misibani, na mtoto akiona wenzake wanacheza anaiacha fimbo palepale njiani. Mzee anabaki amesimama juani, fimbo imenyooka mbele, anaita. Mume wangu ndiye alikuwa anakwenda kumtafuta.

Basi nilielewa kwa nini hasemi. Lakini kuelewa si kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na jicho halingoji mtu amalize aibu yake. Nikimwambia nimesikia, atajua nakaa dirishani kama mwizi. Nikimwuliza, atasema "naona," kama alivyosema kwenye gundi. Nilikosa usingizi. Nikapata jibu alfajiri, nikaona haya kwa jinsi lilivyo la kijinga.

Jioni iliyofuata niliwahi. Nilimkamata paka kabla mume wangu hajatoka kufunga mbuzi, nikakaa kwenye gogo karibu na kigoda, nikambana mapajani. Alinikwaruza mkono wote. Nikambana. Mume wangu akaja, akasita alipotuona, kisha akakaa kwenye kigoda chake akaanza kupapasa mpini wa jembe.

Nikasema na paka. Kwa Kigogo, Kigogo changu kile kibovu.

"Wewe paka, humu ndani wewe ndiye unayeambiwa mambo. Haya, na mimi nakutuma. Mwambie huyo mzee kwamba Jumatatu tunakwenda hospitali mjini, mimi na yeye, kupima macho. Mwambie kuna macho yanayotibika yakiwahiwa. Mwambie nimeshamwomba jirani atuangalizie mbuzi. Na mwambie akikataa nitakwenda peke yangu, niwaambie madaktari wapime yangu, huenda mimi ndiye kipofu, maana nimekaa naye nyumba moja sikuona."

Nilitaka kuisema kwa ukali, lakini mwishoni sauti ilinisaliti.

Mume wangu aliendelea kupapasa mpini. Kuku walikuwa wanaingia bandani, wanagombea nafasi kama kawaida yao. Nikadhani ndiyo basi, nimeharibu, sasa hata kwa paka hatasema tena, na huko dirishani sitasikia kitu mpaka tuzeeke. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ilikuwa afadhali maneno ya kuiba kuliko kukosa kabisa.

Akakohoa.

"Paka," akasema, "kumbe wewe una mdomo. Nilikukanya."

Sikucheka. Nilitaka, ila sikuthubutu.

"Mwambie mama huyo," akasema polepole, naye kwa Kigogo, "nimesikia. Nitakwenda." Akaliweka jembe chini, akautafuta ukuta kwa mgongo akaegemea. "Halafu muulize. Wakisema huko mjini kwamba imeshindikana, nikawa kama baba, na watoto wote wameondoka. Muulize ile ncha nyingine ya fimbo atashika nani."

Paka alikuwa ametulia sasa mapajani mwangu, anakoroma. Ningeweza kumjibu kupitia kwake. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa mdomoni. Lakini ule wivu wangu wa miezi yote ulinyanyuka tena, nikaona hapana, hili simwachii mnyama, hili ni langu. Nikamsukuma paka chini.

"Niulize mwenyewe," nikasema.

Kisha akageuka. Nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto, ikambidi azungushe kichwa chote, mpaka bega, ndipo akanipata. Akaniuliza.